Bado Kidogo

Mvua ya Aprili haijakatika tangu alfajiri.
Kisukuru yote ni tope na ndoo zilizokingwa.
Nguo za shule zimevaa migongo ya viti,
soksi ziko nyuma ya friji, pale penye joto,
na Baba Mbonea ametoka na jembe
kuzibua mtaro aliouzibua jana.

Mimi niko jiko la nje:
bati nne, ukuta wa tofali hadi kiunoni,
na mbuzi ya kukunia nazi ndiyo kiti changu.
Mkaa ulilowa, umekubali kwa kubembelezwa
na mfuniko wa ndoo.
Juu yake sufuria ile kubwa, ya misiba na Krismasi.
Makande.

Mama Sikudhani wa ukuta wa pili huwa anacheka:
"Jirani, hicho si chakula cha bweni?"
Acha acheke.
Ramadhani bakuli lake la ua jekundu lilikuja na kaimati,
likarudi na tangawizi ya kwetu Mamba Miamba,
maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.
Leo litavuka na makande.
Atayala, atalamba kijiko, kisha atasema tena.

Mama yangu alikuwa akisema
makande hayapikwi, yanangojwa.
Basi nayangoja.
Mwaka mzima hunikuta hapa hapa jikoni
kama mgeni asiyetaka kukaa:
Januari na madaftari yake na ada,
Julai na kale kabaridi ka Dar
ambako wanangu hukavalia masweta, nami hukacheka,
Desemba embe zikimwagwa bei
hadi naanika vipande vya achari juu ya bati hili hili,
nikipigana na kunguru kwa ufagio.

Saa tisa kasoro niliminya punje kwa kidole gumba.
Ikapasuka.
Nikatia tui, chumvi, kitunguu kilichokaangwa pembeni.
Saa tisa na robo yalikuwa yameiva.
Hilo tunalijua wawili, mimi na sufuria.

"Mamaa! Yameiva?"
"Bado kidogo!"

Nikavuta kipande cha gazeti
kilichofungia vitumbua vya juzi.
Kuna hadithi. Mwanamke aitwaye Adventina
amesimama stesheni na sanduku la bati,
mtu anamwita kutoka nyuma kwa jina ambalo
— hapo mafuta yamekula herufi.
Inaendelea ukurasa wa kumi na nne,
na ukurasa wa kumi na nne
umefungia vitumbua vya mtu mwingine.

Nikaimalizia mwenyewe.
Sikumruhusu ageuke.
Nilimpandisha treni, nikampa siti ya dirishani,
karanga za kukaanga, na shali ambayo hajaifua yeye.
Yule aliyemwita nikamfuta,
halafu nikamwonea huruma, nikamrudisha,
nikamnyoa ndevu, nikamwacha stesheni na mwavuli.
Treni ikafika Ruvu, ikafika Ngerengere,
na hakuna hata mtu mmoja ndani yake
aliyeuliza soksi zake ziko wapi.

"Mama! Elinami anakula sukari!"
"Mwache. Bado kidogo!"

Miguu nimeinyoosha hadi nje ya bati.
Mvua inaiosha
na hainiulizi kitu.

Ndipo akaja Nakijwa, wa miaka kumi na mmoja,
mbio, beseni kichwani, ndala mkononi.
Akafunua sufuria.
Akachota kwa mwiko, akapuliza, akatafuna
polepole, kama anayesoma.
Kisha akanitazama:
gazeti, miguu, uso.

Nikafungua mdomo niseme la mkaa kulowa.
Hakungoja.
Akafunika sufuria, akaubana mfuniko vizuri,
akatwaa beseni lake, akarudi mvuani,
nami nikamsikia mlangoni akiwaambia wenzake,
kwa sauti yangu kabisa:

"Bado."