Vidole Viwili

Kila asubuhi niliijaza rejeta mpaka mdomoni.
Nilidhani ndiyo mapenzi:
maji yang'ae shingoni, kifuniko nikikaze
kama anayefunga mzigo wa safari ya Mpanda.
Na kila jioni, nje ya ukuta wetu pale Chemchem,
Pijo ya mama ilikojoa.

Samahani kwa neno hilo. Sina lingine.
Kijibomba chembamba pembeni ya shingo
kilitema kijani juu ya mchanga,
kuku wakaja mbio, nikawafukuza kwa khanga,
maana ile dawa ni tamu na inaua.
Asubuhi nafungua: imepungua karibu lita.
Najaza. Inatema. Najaza.
Oktoba nzima tulibishana hivyo, mimi na gari
lililonizidi umri kwa miaka minne.

Majirani walikuwa na majibu.
Mmoja alisema kichwa cha injini kimepinda.
Mwingine: uza chuma chakavu, kilo kwa kilo.
Shemeji yangu Kasubi alichomoa thamostati, akaitupa,
akanawa mikono, akaomba chai.

Fundi Maziku wa Isevya hakushika hata spana.
"Nani anajaza?"
Mimi.
"Mpaka wapi?"
Nikaonyesha shingoni, kwa fahari.
Akacheka mpaka akakalia tairi.

"Dada, maji yakipata moto yananenepa.
Ukiyanyima nafasi yatajitafutia mlango.
Gari hili halivuji.
Linakurudishia chenji."

Hapo ndipo nilipouona mkono wa mama.
Mteuzi wa tumbaku, mtu wa kupanga majani kwa madaraja,
Ndono, Usoke, Urambo, msimu hadi msimu,
na alfajiri kabla ya kuwasha, injini baridi kama chungu,
alitumbukiza vidole viwili rejetani,
cha shahada na cha kati.
Maji yakigusa ncha, anafunga.
Sikuwahi kuuliza. Nilidhani ni namna ya kunuia.
Kovu la mkono wa kulia nalo sikuuliza,
pana kama jani la daraja la chini:
kumbe siku moja alikuwa na haraka, njia ya Sikonge,
akafungua kifuniko kabla injini haijapoa.
Maziku ndiye aliyeniambia. Baba yake ndiye aliyempaka asali.

Tulitafuta chupa ya kudakia chenji.
Ikapatikana ya asali, lita mbili, ya plastiki,
nikaiosha kwa maji ya moto mara tatu.
Tuliifunga kando ya betri kwa ukanda wa tyubu,
mpira ukazama hadi chini kabisa,
"usinyonye hewa," alisema, "hewa ni mgeni mbaya."
Wiki mbili chupa ilijaa tu, rejeta ikapungua tu.
Kifuniko cha zamani kina mpira mmoja:
kinajua kutoa, hakijui kudai.
Cha mipira miwili kilikuja kwa basi kutoka Mwanza,
kimefungwa ndani ya soksi.

Nikachora mistari ubavuni kwa rangi yangu ya kucha:
wa chini, baridi; wa juu, moto.

Jumapili nilikwenda Urambo nikarudi.
Mshale wa joto ulipanda hadi katikati, ukatulia.
Nilizima, nikafungua boneti, nikavuta kigoda.
Chuma kilikuwa kikialika, tik, tik,
na kijani kilisimama kwenye mstari wa juu, chekundu juu ya kijani,
hakikuvuka.
Nilimenya karanga. Jua likaingia nyuma ya nyumba ya akina Nyanzala.
Kisha nikasikia, kidogo sana,
mfyonzo wa mtoto anayemalizia uji:
chupa ilikuwa ikirudisha,
tone kwa tone, yote, bila kuombwa.

Kuku walipita hawakuona kitu.
Nyuki mmoja tu, aliyeikumbuka ile asali kuliko mimi nilivyoiosha,
alikuwa akizunguka kizibo.
Nikaishusha boneti polepole,
nikaiachia upenyo, mpaka akatoka.