Herufi ya Tisa

Miaka yote mtambo ulitaka herufi nane,
si zaidi.
Kilindini haikuingia: i ya mwisho ilibaki nje
kama abiria aliyefungiwa lango la feri.
Tsuma akaweka Mombasa1,
mwezi wa pili Mombasa2,
akafika Mombasa9, akadhani ameumaliza mji,
akarudi moja.
Zamu nzima ya usiku iliijua.
Hata muuza kahawa aliyepanda ngazi na dele lake
angeweza kutufungulia orodha ya makontena.

Mimi sikuiona nane kuwa haba.
Mama hutunga kwa nane:
huhesabu mizani kwa vidole juu ya sinia la mchele,
gumba halihesabiwi,
na neno likizidi hulifinya,
hulitoa irabu kama atoavyo chuya.

Kisha ukaja waraka: sasa ni fungu la maneno,
herufi kumi na nne hadi mia.
Kubwa si sawa na ndogo.
Na nafasi tupu baina ya neno na neno
nayo huhesabiwa.
Hapo nilisoma mara mbili.
Kumbe kimya kina mizani.

Tsuma akaandika Haraka haraka haina baraka.
Nikamwambia, Tsuma, mwizi naye kasoma shule;
methali ni mlango wa msikiti,
kila mtu ana haki ya kuusukuma.
Tafuta sentensi iliyosemwa mara moja
ndani ya chumba kimoja.
Akatafuta. Akaisahau.
Akakosea mara tatu, akafungiwa,
saa nane usiku, meli ya ngano iko gatini,
na msimamizi wa kumfungulia amelala Bamburi, simu kaizima.

Yangu ni ya Mama.
Aliisema Kuze, mwaka wa mvua nyingi,
mimi nina homa na umeme umekatwa kwa deni.
Ina mbuzi, ina jina la jirani, ina tusi dogo.
Zaidi sisemi.
Nikiichapa, kioo hakionyeshi kitu,
na mtambo wenyewe hauijui:
uliyachoma maneno, ukaweka majivu,
na kila usiku hunitaka niyachome upya
ulinganishe majivu kwa majivu.

Juzi nilimkuta kitandani, sinia kando, vidole vimetulia.
Siku hizi husahau; alianza na siku, sasa ni majina.
Nikamwinamia, nikamsomea sikioni
neno kwa neno, na nafasi zake zote.
Akacheka mpaka akakohoa:
“Nani kasema upuuzi huo?”

Kanuni iko wazi: ukimtamkia mtu, ibadilishe.
Basi leo, kabla ya zamu, nimekaa mbele ya kioo cheusi
natafuta sentensi nyingine ya nyumba ile.
Ningeliweka jibu lake,
ishirini na tatu, ukihesabu na alama ya kuuliza,
lakini nanyi sasa mmelisikia.