Sekunde Arobaini

Kwenye kitambaa cheusi ndiko inakoonekana.
Baibui la Bi Mwanahawa, mita nne na nusu,
nililikung'uta mara tatu mlangoni, hapa Chikongola,
na bado lilikuwa na unga,
kama nimepepetea muhogo juu yake.
Akaja, akalitazama, akanitazama viwiko.
"Nitashona kwingine, Somoe. Si kwa ubaya."
Futi ikabaki shingoni kwangu, inaning'inia,
haina wa kumpima.

Wengine walisema kwa ubaya.
Ukoma, wakasema, na kiti changu wakakikwepa.
Pweza huyo, acha pweza.
Nikaacha pweza, ngisi, dagaa, hadi bilinganya.
Shangazi akaniletea maji ya majani nikaoge,
akaniletea na jina la aliyeniroga.
Nikaoga. Jina sikulipokea.

Daktari alianzia kwenye kucha.
Alinishika kidole kwa mkono mtupu
(nilitaka kumwambia avae glovu, sauti ikakwama),
akanionyesha vishimo: "Unaviona? Kama subana."
Mimi, mvaa subana kila siku ya Mungu,
sikujua kidole kinajitengenezea ya kwake.

Soriasisi, akasema. Haiambukizi.
Haiponi ikaisha; hutulizwa ikatulia.
Ngozi ya mtu hujishona taratibu, karibu mwezi,
yako inamaliza kwa siku chache tu.
Hapo nilimwelewa kabla hajafika mwisho.
Nimeshona mikesha ya kuamkia Idi, naijua nguo ya pupa:
pindo nene, uzi umejirundika,
ukiinua mkono mara moja, kwapa limefumuka.

Bibi yangu kule Newala alichanjwa nembo usoni,
akalia siku moja, akaringa nazo miaka sitini.
Yake iliandikwa kwa ridhaa.
Yangu inajiandika usiku, kwa mwandiko wa mtu aliyelewa,
halafu inaniwasha niisome.

Kwanza mafuta. Mazito, mara mbili, ngozi ikiwa bado mbichi ya maji.
Kisha dawa ya kupaka, kidogo, kwa siku zilizoandikwa, si zaidi.
Kisha kabati.

Kabati la taa ndefu zilizosimama wima,
unaingia kama nguo inayosubiri mwenyewe.
Nesi Agripina alinivisha miwani myeusi.
"Si jua lote hili," akasema,
"ni uzi mmoja tu uliochomolewa kwenye jua.
Usivue miwani. Sekunde arobaini."
Sikuhesabu sekunde. Nilihesabu mishono,
nikafika upindo wa gauni la mtoto, taa zikazima.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Hamsini. Dakika. Dakika na robo.
Wiki ya tatu umeme ukakatika;
gesi iko hapo tu, Mnazi Bay,
na sisi watatu kwenye benchi tunaisubiri izae mwanga.
Mwalimu mmoja wa Nanyamba akakunja suruali,
akanionyesha goti lake. Nikamwonyesha kiwiko.
Tukacheka, sijui kwa nini. Kama watu waliokutana wamevaa sare.

Kisha tamaa. Nikasema, kama uzi unatibu,
je, jora? Nikalala uani saa saba mchana,
mgongo wazi, mpaka ukawa pilipili.
Palipobabuka, magamba yakarudi palepale, kwa mstari.
Agripina hakunigombeza. Alifuta dakika zangu kwa kalamu
akaanza tena: arobaini.

Mwezi wa nne mgongo ukawa wangu.
Kiwiko cha kushoto bado kinabisha.
Nikigombana na mwenye nyumba, kinanijibia.
Vidole vikikaza asubuhi, nimeambiwa nisikae kimya,
nikaseme, maana huu ugonjwa huingia hata kwenye viungo.
Bi Mwanahawa hajarudi.

Juzi nilikata kitambaa cheusi, changu mwenyewe.
Nikakikung'uta mlangoni, kwa mazoea tu.
Kilichoanguka ni chaki.
Na kwenye mkunjo, kidogo, kisicho chaki.
Nikakipuliza. Nikatia uzi kwenye sindano.