Eda na Kokoto

Magunia saba nyuma ya stoo, Samail,
yamefungwa kwa kamba ya katani, na kila moja
lina mwandiko wa Nabhan: tarehe, jina la wadi,
na mara nyingine neno moja tu, "mazuri."
Miaka ishirini nilimwuliza, mawe haya utayala?
Akacheka. Akaondoka duniani hajanijibu.

Siku ya kumi na tatu ya eda
mtoto wa dada yangu, Muatasim, akashusha sanduku
lililokaa juu ya kabati tangu Ramadhani:
mota, rola mbili, pipa la mpira mweusi
dogo kama kopo la tende,
na pakiti nne za unga wa kusagia,
kuanzia chenga kali hadi laini kama poda ya mtoto.
"Baba mkubwa hakuwahi kuiwasha," akasema.
"Basi mimi ni nani hata niiwashe?"
na mkono wangu ushafungua gunia.

Nilikosea.
Nikachanganya jekundu gumu, la kijani lenye ngozi ya nyoka,
na jeupe la chokaa, ambalo ndilo nililolipenda.
Siku ya saba nikafungua kifuniko,
jeupe halipo. Limekuwa uji.
Uji nikaumwaga kwenye sinki la jikoni,
na usiku sinki likagoma.
Nyuma ya mlango nikamsikia Rafiqul, fundi bomba, akicheka:
"Mama, umemwaga simenti?"

Sasa najua. Jiwe ulikwaruze kwanza kwa ncha ya kisu:
likitoa unga, lirudi guniani;
kisu kikiacha mstari wa chuma, hilo litafaa.
Magumu kwa magumu. Lenye ufa liache.
Jaza robo tatu, usishindilie,
mawe yanataka nafasi ya kuanguka.
Na kati ya unga na unga osha, osha, osha tena:
punje moja ya chenga iliyojificha
itakuharibia wiki nzima ya kung'arisha.
Tope lichimbie shimo, mbali na falaji.

Waliokuja kuhani wakatega masikio.
"Mashine ya kufulia imeharibika?" Zuweina akauliza,
kikombe cha kahawa kimesimama njiani.
"Ni mawe ya Nabhan, yanaoga."
Wakatazamana. Mmoja akaanza kunisomea dua.

Sikuwaambia lililobaki:
kwamba miaka thelathini na moja nililala kando ya mkoromo,
nikiupiga kiwiko, nikiulaani,
na usiku wa kwanza wa kimya sikupata usingizi,
wala wa pili, wala wa tisa.
Pipa lilipoanza, ngru, ngru, nyuma ya ukuta wa stoo,
nililala hadi adhana.

Bandu bandu huisha gogo, na eda nayo huisha.
Miezi minne na siku kumi; bakuli mbili za mawe
yanayoteleza vidoleni kama kokwa za zaituni.
Muatasim akaniendesha hadi wadini.
Maji yalikuwa yamepita wiki ile, yamegeuza kila kitu,
na mbuzi wa mtu walikuwa wakila katoni.
Nikainama, magoti yakalalamika,
nikaokota jiwe la vumbi, halina sura.
Nikalilamba.

Ndiyo, nililamba, mjane mzima, mchana kweupe,
kama alivyokuwa akifanya yeye
nami nikigeuka upande wa pili kwa haya.
Likawaka jekundu, mshipa mweupe ukipita katikati.
Kumbe jiwe likilowa hukuonyesha
litakavyokuwa mwisho wa safari yake.
Kumbe alikuwa anachungulia tu.

Nikalitia mfukoni, na juu ya mfuko,
kwa kalamu yake iliyobaki ndani ya gari,
nikaandika tarehe, na jina la wadi.
Neno la tatu bado sijalipata.