Ngazi Kumi

Nilidhani atanitikisia saa ya mnyororo puani,
nilale fofofo, aniulize namba ya siri ya simu.
Dada yangu Kwamboka alinionya: usimtazame machoni.
Bi Jerotich akacheka, akafunga dirisha;
jenereta ya jirani, hapo Kilimani, ikanywea kidogo.
"Hulali," akasema. "Utakuwepo. Pua ikikuwasha, jikune."

Lakini kwanza daftari.
Safu ya kwanza, wazo: lifti itakwama, nitakosa hewa.
Safu ya pili, ushahidi: miaka sita Upper Hill,
imekwama mara moja, dakika nne,
nami siku hiyo nilikuwa likizo.
Safu ya tatu, unaamini kiasi gani?
Themanini na tano kwa mia.
Mimi mkaguzi wa hesabu. Najua hizi hazilingani.
Kichwa kinajua. Mwili haujaletewa taarifa.

Basi hipnosi: viganja mapajani, kope nzito,
sauti yake mbele, pumzi yangu nyuma yake.
Kumi. Tisa.
Ngazi nilizichagua mwenyewe, za zege, kule Pangani
tulikokulia, zinanuka sabuni ya mche
na mafuta ya mandazi ya ghorofa ya pili.
Sita. Magoti yamestaafu.
Chini kabisa mlango wa lifti ukafunguka.
Nikaingia. Jakamoyo likanipanda hadi kooni.
"Ushahidi," akanong'ona,
na daftari likafunguka lenyewe gizani,
mwandiko wangu, wino wangu.

Hapo nikamwona Hofu.
Si jini. Si laana ya upande wa baba.
Ni bawabu wa zamu ya usiku, koti limempwaya,
hajalala tangu nikiwa darasa la tano,
anapuliza filimbi kila paka akikatiza.
Nikamwambia, keti mzee.
Hakuketi.
Ila filimbi aliitoa mdomoni.

Jumatatu, jengo lilelile.
Milango ya chuma ikajifunga.
Nikabana gumba na shahada, kama mazoezini,
saba, sita, lifti ikipanda, mimi nikishuka,
kijana wa mapokezi akinitazama midomo.
Ghorofa ya nane nikatoka, kwapa chapachapa.
Sita zilizobaki nikazipanda kwa miguu.

Safu ya tatu: hamsini na tano.
Bi Jerotich hakupiga makofi.
Alisoma ile tarakimu mara mbili,
akaniuliza, kwa nini nane,
kwa nini si ya pili?
Sikuwa nimeliwazia hilo.
Akanisogezea kalamu.