Kiapo cha Dolika

Wakili wa Uhindini anavua miwani.
Cheti cha kuzaliwa: Dolika Ndahani.
Cheti cha shule: Dorika Ndahani.
"Dada, lipi ndilo jina, lipi ndilo kosa?"
Feni inapekua karatasi zangu
kama jirani aliyeachwa peke yake chumbani.

Kosa, mheshimiwa, lina baba.
Alisimama dirishani kofia mkononi,
akataja jina kama ulimi wake ulivyojaliwa,
na karani, mtu mtiifu, akaandika alichosikia.

Nyumbani kwetu Mvumi, r haikuwa na kigoda.
Kulikuwa na selikali, na balabala, na habali za ledio.
Kila uchaguzi baba alikwenda kupiga kula
akarudi na njaa ileile.

Mwalimu Mbaruku, mtu wa Pangani,
hakukubali kuitwa Mbaluku.
Akanisimamisha mbele ya darasa la tatu:
Reli. Rula. Robo. Rangi.
Leli. Lula. Lobo. Langi.
Darasa likacheka, nami nikacheka nalo
nisibaki peke yangu upande wa kuchekwa.
"Uache ulimi utetemeke," akasema,
"kama mfuniko wa sufuria ya chai."
Kwetu chai ilichemka Krismasi.

Nikafanya mazoezi korongoni,
nimeinamia shimo la mchanga, kata mkononi,
nikisubiri maji yajikusanye.
Nililazimisha, nikatema mate, nikauma ulimi.
Hadi siku moja ikaja yenyewe, rrrr,
na mbuzi wote wakageuka kunitazama.
Baba akauliza kutoka ng'ambo, "Unamwita nani?"

Sikumjibu.
Tangu siku hiyo nikaanza kumwonea haya,
na haya hizo ndizo ningependa kuziapia, mheshimiwa,
ingawa najua fomu yako haina nafasi.

Nilipofaulu aliwaalika majirani kwenye kalamu.
"Tutakunywa wino?" akauliza mmoja,
wakanywa pombe ya uwele mpaka mwezi ukatua.
Mimi ndani, uso kwenye mto,
nikamsahihisha bila sauti:
karamu, baba. Karamu.

Kisha mahafali ya kidato cha nne.
Wazazi wakaombwa neno, na akasimama yeye,
koti la kuazima, mikono ikimeza vidole:
"Dolika ndiye fahali yangu!"
Ukumbi ukaangua kicheko.
Mgeni rasmi akajifuta machozi kwa tai.
Nikainamisha kichwa, nikaviona viatu vyangu, vipya,
ngozi bado inanukia,
na nikaliona zizi:
kamba inaning'inia mlangoni, haina shingo.
Yule mwenye doa jeupe pajini
aliswagwa mnadani Msalato mwezi wa kwanza,
juma lile lile la ada.

Hakukosea hata herufi.

Alifariki mwaka juzi, kiangazi, ardhi ngumu kama kigae.
Fundi wa msalaba, kijana mwenye bidii,
alitaka kuandika kisomi,
akapaka r pale isipoitwa:
KUZARIWA 1946.
Shangazi Nyemo akataka ifutwe upesi
kabla mchungaji hajafika.
Nikakataa.
Mtu ameishi miaka yote hiyo bila hata moja;
nani amnyime ya kusafiri nayo?

Wakili amenisikiliza, au alikuwa akihesabu dakika.
Muhuri ni elfu kumi.
Anavaa miwani, anaweka vidole juu ya kibodi.
"Haya. Jina la mwapaji?"
Nalitamka.
Anainua kichwa:
"Kwa l, au kwa r?"