Msokoto

"Yanisokota," alisema Bi. Mwanakheri,
nami nikaandika: maumivu ya tumbo.
Nani hasokotwi na tumbo mji huu?
Kila aletwaye usiku huja na neno hilohilo.

Miaka themanini na minne, kilo thelathini na saba,
ametoka Kuze kajikaza leso mbili kiunoni,
anatapika tangu adhana ya alfajiri.
Homa hana. Macho meupe, hayana umanjano.
Kipimo kilionyesha mfuko wa nyongo umevimba,
ndani hamna hata chembe ya jiwe.
Tukampa dawa za mshipa. Tukangoja.
Hapo ndipo ninapojilaumu: saa sita za kungoja.

Saa nane za usiku nilimkuta macho,
kidole gumba kikisugua cha shahada,
kikisugua hewa.
"Hushona kofia," mjukuu wake Lali akasema.
"Hata usingizini husokota uzi."
Bibi akanigeukia: "Nakwambia yanisokota, hunisikii?
Niliinama kuokota sindano,
kitu kikageuka. Kikageuka tena."

Nikatia mkono chini ya mbavu.
Kitu kikateleza, kikanikimbia.
Uzee humkondesha mtu hadi ndani:
mafuta yaliyoshikiza viungo huyeyuka,
na nyongo, mkalia ini tangu kuumbwa,
hubaki ikining'inia kwa kikonyo.

Mkamburi, daktari wa usingizi, aliuliza,
"Moyo huu utahimili?"
Sikuwa na jibu. Nikasema,
"Nyongo ikiozea ndani, hautahimili."
Lali akatia sahihi. Jina likavuka mstari.

Tulipofungua, ulikuwa mweusi kama bilingani.
Mizunguko miwili kuelekea kulia,
imekazwa kama uzi uliotiwa mate.
Nikaurudisha mmoja. Nikaurudisha wa pili.
Rangi haikurudi.
Nikafunga kikonyo, nikakata.
Basi, ni hivyo tu;
alichokisema mlangoni ndicho nilichokishika mkononi.

Siku ya tatu alikunywa uji wa mchele,
akaniita kwa kidole.
"Hamkuipasua?"
"Hatukuipasua, bibi."
"Vyema. Ya kuku ikipasuka, mchuzi wote ndio basi."
Nikataka kumwomba radhi kwa zile saa sita,
nikasimama pale nikitafuta maneno.
Yeye alikwisha kutia uzi sindanoni.
Akaniambia nisogee,
namzibia mwanga.